Ufunguo wa Pili wa Gari la Marehemu

Haya, kaa vizuri nikutegee.

Nina nyumba yangu haina jiko wala kitanda. Ina milango minne ya watu na mmoja wa mizigo. Ukibisha haifungui, ukiita haiitiki, ukilia haikuonei huruma. Lakini ina kitoto chake cha plastiki, hakina mdomo, hakina miguu. Kifinye tumbo tu, nyumba nzima inaitika. Nyumba gani hiyo?

Umeshindwa? Mji wako baki nao, mimi nipe sikio tu. Maana jibu lenyewe wiki iliyopita tuliliacha linavuja damu.

Mnakumbuka tulipoachia: karakana ya funguo, mchana wa jua la kupasua kichwa, geti la mabati limetiwa komeo kwa ndani. Fundi mwenyewe ni mwanamke, Mama Meno, jina alilopewa kwa meno ya funguo anayochonga, si kwa yake, maana yake mawili yameshamkimbia. Wamekuja ndugu wawili wa tumbo moja kutaka rimoti ya akiba ya gari kuukuu. Mkubwa anaitwa Nyundo, kwa kile kisichomtoka mkononi. Mdogo anaitwa Msumari, kwa sababu huingia popote anaposukumwa. Hawakujua kwamba gari lile, pamoja na rangi mpya waliyolipaka, wamelirudisha kwa mwenyewe. Ni teksi ya marehemu mume wa Mama Meno. Ndani yake ndimo alimochomwa kisu.

Mama Meno aliunyakua ufunguo. Nyundo akarusha pigo, akaukosa mkono, akaipata rimoti. Ikasagika kama ganda la yai, ukabaki ufunguo mtupu wa chuma. Msumari alikuwa ameinamia buti akitafuta kamba ya kumfungia. Mama Meno akamtia teke la matako, akazama mzimamzima, na kifuniko kikamshukia, kwap! Vidole vyake vinne vikanasa kwenye kufuli, vimechungulia nje kama watoto dirishani.

Ndipo gari, ambalo hakuna mtu aliyeligusa, rimoti yake iko chini vipande vipande, likalia pwii! Taa zikapepesa. Milango minne ikajifunga yenyewe.

Nani aliyebonyeza?

"Nani kabonyeza?" Nyundo alifoka, macho yanamzunguka. "Wewe! Unayo nyingine!"

"Sina mimi!"

"Nitakupasua bichwa hilo!"

Hakuwahi. Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka kwa kishindo, akatoka mama mkwe wa Mama Meno, ajuza mwembamba kama ufagio, ambaye saa kama hizi huwa amejilaza. Leo alikuwa ameshika kipande cha bomba kwa mikono miwili.

"Mwachie mkwe wangu, ibilisi we!"

Bomba lilimpata Nyundo begani. Angekuwa mtu mwingine angekaa chini. Yeye aligeuka tu, kama aliyeguswa na mtu anayeuliza njia, akamkamata ajuza shingo. Ajuza akainamisha kichwa, akamng'ata kiganja, akang'ang'ania.

"Aaah! Bibi! Niachie, bibi!"

Nyundo alimtupa kwenye kiti cha mbao. Akamfunga mikono nyuma kwa waya wa umeme. Ajuza hakunyamaza.

"Mama yako alijifungua nini, mtoto au mzigo? Sura kama gurudumu la akiba! Hata huyo mdogo wako amekimbilia butini asikuone!"

Nyundo alichukua kitambaa cha kufutia grisi, akamshindilia mdomoni, akakifunga kisogoni. Kisha akatazama alama za meno mkononi mwake.

"Ukoo mzima mna meno," alisema.

Kutoka ndani ya buti sauti ilitambaa kama ya mtu aliye kisimani.

"Kaka... vidole vyangu, kaka... vinaondoka..."

Damu ilikuwa ikishuka kwenye namba ya gari, tone kwa tone. Nyundo alikimbilia mtaimbo uliokuwa umeegemea ukutani, akauingiza chini ya kifuniko, akaukandamiza kwa uzito wake wote.

Kitu kililia ko! ndani ya kufuli. Hakikuwa chuma.

Msumari alipiga ukelele uliowarusha njiwa juu ya bati. Nyundo aliuachia mtaimbo kama umemuunguza.

"Fungua buti," alimwambia Mama Meno. Sauti ilikuwa ndogo ghafla.

"Kwa nini?"

"Fungua!"

"Tundu lake hulioni? Mume wangu aliliziba kwa kulichomelea, vibaka walikuwa wakimchokonolea kwenye foleni. Ule waya wa kufungulia kutoka kwa dereva akaukata. Buti hilo linasikia rimoti tu. Na rimoti umeipasua wewe."

"Basi itengeneze nyingine. Sasa hivi." Alichukua nyundo yake, akaiweka taratibu juu ya kichwa cha ajuza, kama mtu anayepima kabla ya kupiga. "Mdogo wangu akipoteza vidole, wewe utavipoteza vyako hapo kwenye jiliwa la kubania chuma, kimoja kimoja. Lakini kwanza utatazama ubongo wa huyu bibi."

Kitu kimoja tu kilimpa Mama Meno moyo. Dakika ile alipolitambua gari, kabla hawajamshtukia, alikuwa amempigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasema maneno mawili: njoo karakana. Shemeji hakai mbali. Na shemeji yule ni mtu. Siku ya mazishi ndiye aliyebeba jeneza mbele, ndiye aliyelia mpaka akashikiliwa asidondoke. Kazi ni kuvuta muda mpaka afike.

Akaenda kwenye kopo lake la rimoti za magari yaliyokufa. Kila fundi wa funguo ana kopo la namna hiyo, ni makaburi yake. Akachagua moja ya aina ileile ya gari, akatia betri mpya, akafungua skrubu ndogo, akalihamisha jino la chuma la ufunguo wa mumewe kwenye kiganda kipya. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Kisha akasimama.

"Ufunguo wa pili uko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Gari huuzwa na funguo mbili. Huu mmoja. Wa pili uko wapi?"

Nyundo alicheka bila furaha. "Mtu anakatika vidole, unaniletea maswali ya dukani?"

"Soma pale ukutani."

Ubao wake uliandikwa kwa rangi nyekundu: LETE FUNGUO ZOTE. Haukuwa mbwembwe. Magari haya kuukuu yana kichwa chepesi. Ukilisomesha rimoti mpya, linasahau zote za zamani, isipokuwa zile zitakazobonyezwa palepale, kikao hichohicho. Watu wameshamrudia Mama Meno wakilia: ulinitengenezea rimoti, sasa ya mke wangu haifanyi kazi. Tangu hapo hakuna kazi aliyoianza kabla ya kuuliza swali lile.

Lakini swali lile leo halikuwa la kazi tu.

Mumewe alikuwa na desturi. Mchana akishasogeza kiti nyuma alale kidogo garini, hujifungia ndani, hata abiria mwenye haraka atagonga mpaka achoke. "Nikishajifungia," alimwambia mkewe akicheka, "nawafungulia watatu tu duniani: wewe, mama, na mdogo wangu." Na mchana ndipo walipomuua. Siku hiyohiyo ufunguo wa pili, uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, haukuonekana tena. Na leo Mama Meno ameviona vioo vya gari kwa macho yake: vyote vinne ni vilevile, na namba alizozikwaruza marehemu kwa mkono wake. Hakuna kilichovunjwa. Mlango haujachokonolewa. Sasa muuaji aliingiaje, kama hakuwa na ule ufunguo wa pili?

"Mlimfungulia kwa ufunguo wa pili," alisema, machozi yanamchoma lakini hayatoki. "Mliuiba jikoni kwangu, mkamfungulia akiwa usingizini, mkamchinja kama kuku. Sema uko wapi!"

"Mama, sikiliza." Nyundo alipangusa jasho kwa mkono ulioshika nyundo. "Mimi ni mwizi. Hilo silikatai, na wala sioni haya. Lakini mumeo nilimkuta ameshapoa. Mlango wa abiria wa mbele uko wazi, ufunguo mahali pake. Tulimshusha, tukalichukua gari. Basi."

"Muongo!"

"Muongo mimi? Tumia akili basi. Ningekuwa na ufunguo wa pili ningekuja kwako kutafuta nini? Chai?"



Mama Meno aligeukia buti. "Wewe uliyemo humo! Ufunguo wa pili unao wewe? Umeulalia, ndiyo maana gari limelia?"

"Ningekuwa nao si ningejifungulia, shangazi!" Msumari alilia. "Nifungulie jamani! Sivisikii tena!"

Nalo hilo ni kweli. Sasa ni nani? Rimoti ya gari kuukuu haipigi mbali, ukuta wa pili haiuvuki. Iliyobonyezwa ilikuwa hai, tena ilikuwa hapahapa. Mama Meno alitazama karakana kona kwa kona. Kwenye kiti, mama mkwe alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yakichirizika juu ya kitambaa cha grisi.

"Kazi!" Nyundo alinguruma.

"Naingia garini. Milango yote lazima ifungwe. Ukifungua hata mmoja katikati, linasahau, tunaanza upya. Umenielewa?"

"Ingia."

Akaufungua mlango kwa ule ufunguo, akaingia. Kiti kilikuwa bado kimesogezwa nyuma, kama alivyokiacha mwenyewe. Kwenye kitambaa cha kiti palikuwa na doa lililooshwa likagoma kutoka. Alilikalia. Hakuwa na pengine pa kukaa.

Akavuta mlango. Ukafungwa. Hapo ndipo Nyundo alipong'amua kosa lake: mwanamke yuko ndani, ufunguo anao, tangi lina mafuta. Aliruka nyuma ya kiti cha ajuza, nyundo juu.

"Ukiwasha injini, huyu bibi yenu mtamzoa kwa koleo!"

Mama Meno hakumtazama. Aliingiza ufunguo, akauchomoa. Akauingiza, akauchomoa. Akauzungusha mpaka taa za dashibodi zikawaka, akaurudisha, akauzungusha tena, huku mkono wa kushoto ukibonyeza swichi ya kufungia mlango. Kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kuamka. Zungusha, rudisha. Zungusha, rudisha.

Kwap! Milango yote ilijifunga. Kwap! Ikajifungua.

Hiyo ndiyo alama. Gari limetega masikio, linangoja kuambiwa.

Lakini Nyundo hakulijua hilo. Alichosikia ni milango kujifunga, akaona amechezewa. Alirukia gari akapiga kioo cha dereva, kikalipuka ndani kama mvua ya mawe. Mama Meno alifumba macho, akahisi uso ukimwashwa sehemu nyingi kwa pamoja. Mkono wa Nyundo ulipita, ukalishika komeo la ndani, ukauvuta mlango wazi.

"Unajifungia? Unajifungia?"

"Mjinga wewe!" Mama Meno alipiga kelele, damu inamtiririka kwenye nyusi. "Lilikuwa tayari! Nilikwambia usifungue! Umemponza mdogo wako!"

Nyundo aliganda. Kutoka butini ilisikika sauti inayolia bila maneno.

Aibu ya mtu katili ni mbaya kuliko hasira yake. Nyundo aliushika mkono wa kushoto wa Mama Meno, akaulaza kwenye ukingo wa mlango, akaubamiza mlango.

Mama Meno hakujua kwamba yeye ndiye aliyepiga ukelele ule. Alidhani ni Msumari. Alipoutoa mkono, vidole viwili vilikuwa vinatazama upande usio wao.

"Sasa mko sare," Nyundo alisema akihema. "Anza upya."

Nyuma yake kiti kiliruka. Mama mkwe alikuwa akijitupa huku na huku, waya ukimkata mikono, anaguna mmm! mmm! mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna aliyemjali.

Mama Meno alifunga mlango. Ulibaki na kioo kilichovunjika, lakini mlango ni mlango, gari halijali kioo. Akauingiza ufunguo, akauchomoa, kwa mkono mmoja. Swichi ya mlango akaibonyeza kwa kiwiko. Zungusha, rudisha. Jasho na damu vilimwingia machoni. Alijiambia: usizimie. Ukizimia anamuua mama. Zungusha, rudisha.

Akakosea mara moja, akaanza tena mwanzo.

Kwap! Milango ikajifunga. Kwap! Ikajifungua.

Safari hii Nyundo hakusogea hata ukope.

Mama Meno aliinua rimoti mpya ili aione vizuri. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Akatulia hapo.

"Bonyeza," Nyundo alisema.

"Mfungue mama mdomo."

"Bonyeza kwanza!"

"Gari halingoji, Nyundo. Likichoka linafumba masikio, na mimi mkono wa kuanza tena sina, umeuvunja mwenyewe. Mfungue mama mdomo, nione kama anapumua vizuri. Nabonyeza."

Hakika Mama Meno hakuwahi kuona jambazi anayekimbia kutii. Nyundo alichomoa kisu mfukoni, akakikata kitambaa kwa pigo moja. Ajuza alitema grisi, akavuta pumzi ndefu. Mama Meno alingoja matusi. Hayakuja. Mama mkwe alimtazama yeye tu, na lile jicho halikuwa la mtu aliyeokolewa.

"Mama, umeumia?"

Ajuza alitikisa kichwa.

"Mama. Kabla sijabonyeza. Nikibonyeza hii gari litasahau nyingine zote, na yule mwenye ufunguo wa pili sitamjua maisha yangu yote. Ulikuwa chumba cha nyuma, dirisha linatazama uchochoroni. Umemwona mtu? Nani ana ufunguo wa pili?"

Ajuza alifumba macho.

Ndipo geti likagongwa.

Ngo! Ngo! Ngo! Bati likatetema.

"Shemeji! Ni mimi! Nimepata simu yako! Fungua!"

Mama Meno angeweza kuimba. Kwenye ufa wa geti, juu ya komeo, ncha ya panga iling'aa juani, ikapotea. Amekuja na panga. Amekuja kweli!

"Shemeji, tuko ndani!" alipaza sauti kupitia kioo kilichovunjika. "Wametufungia! Mama yuko hapa!"

"Mama yuko hapo?" sauti ya nje iliuliza haraka. "Nifungulieni basi! Ni wao? Ni wale wenye gari? Wamesema nini?"

Nyundo alikuwa amenywea. Alitazama geti, akatazama buti, akatazama kidole gumba cha Mama Meno.

"Umesikia," Mama Meno alimwambia. "Weka nyundo chini. Nenda ukamfungulie shemeji yangu. Komeo likitoka tu, mimi nabonyeza, unamchukua mdogo wako unakwenda zako. Usipofungua, naitupa hii rimoti nje, nakaa hapa nasikiliza vidole vyake vinavyodondoka."

"Kaka!" Msumari alilia. "Mfungulie huyo mtu! Nakuomba kaka!"

Nyundo aliiacha nyundo ianguke. Ililia kwenye saruji mara mbili, ikatulia. Akatembea kuelekea getini, mikono wazi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Akashika komeo.

"Usifungue!"

Sauti ile iliwakata wote watatu. Nyundo aligeuka, mkono ukiwa bado kwenye chuma. Mama Meno alitoa kichwa dirishani.

"Mama? Ni shemeji huyo! Ni mwanao!"

"Namjua," ajuza alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Usifungue, wewe mwizi. Nakuomba kama mama yako."

Ngo! Ngo! "Nifungulieni jamani! Mnangoja nini?"

"Mkwe wangu," ajuza alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kama karatasi. "Umeniuliza ufunguo wa pili uko wapi. Umeuliza hilo tangu siku ya msiba, ukiliuliza ukutani, ukiliuliza jikoni, na mimi nimekaa palepale nakupigia kimya."

"Mama..."

"Njoo unipapase hapa kiunoni, kwenye upindo wa nguo. Mikono yangu imefungwa."

Mama Meno hakutoka garini. Alikuwa ameshaliona. Kwenye upindo wa nguo ya mama mkwe wake, pale kitambaa kilipofungwa fundo, palikuwa na umbo dogo, la mviringo, analolijua kuliko sura yake mwenyewe.

"Ninao mimi," alisema ajuza. "Siku ile niliutungua mlangoni asubuhi, nikauweka tayari nitoe kifurushi changu kwenye buti mwanangu akija kula. Hakuja kula. Tangu hapo kila mchana, ukidhani nimelala, naubonyeza chumbani, nasikiliza kama gari lake litaniitikia. Leo likaitika."

Nje, panga lilipenyezwa kwenye ufa, likaanza kulitafuta komeo kwa kukwaruza.

"Haukuibwa, mkwe wangu. Hakuna aliyeutumia siku ile. Mlango aliufungua mwanangu mwenyewe, kwa mkono wake." Ajuza alitazama ile ncha ya chuma inayopanda na kushuka getini. "Alimfungulia mwanangu."